Damu Iliyosema Normal

Asubuhi hiyo umeme ulikuwepo, na wagonjwa walikuwa wachache katika maabara ndogo ya Ruashi. Guelor, mpimaji wa damu, alimaliza chai yake akaanza kazi. Kabla ya mgonjwa yeyote, mashine hupewa kwanza kontroli, yaani damu ya kiwandani ambayo jibu lake linajulikana, ili ionekane kama inasema kweli. Kontroli ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyopita. Guelor akapima hivyo hivyo.

Damu ya Benita, msichana wa miaka kumi na tisa, ikatoa homoni ya tezi la shingo juu kupita kiasi. Guelor akaona mashine inadanganya. Hakurudia. Aliandika namba nzuri kutoka kichwani, na pembeni: normal.

Daktari akamrudisha Benita nyumbani bila dawa. Moyo wake ulikimbia wiki tatu, kisha ukasimama.

Mama yake, Mama Ngosa, alifika maabara saa nne ya asubuhi. Hakulia.

"Docta, ni weye uliandika normal?"

"Pole, mama. Ni machine ilisema."

"Na weye uliiuliza kama ile siku iko na akili?"

Mama akainama hadi sikioni mwake.

"Basi damu yako nayo itasema normal. Kila fasi, kila pahali utaenda."

Jumapili, akiwa misani, Guelor alianza kutetemeka mikono. Moyo ukashika mbio. Siku zilizofuata suruali zikamlegea, macho yakamtoka. Ugonjwa huo aliujua: ni ule wa Benita. Mwenzake Lydie akampima, tena kwa kontroli mpya. Normal. Akaenda hospitali mjini. Normal. Akaenda hadi mji wa Kipushi. Wakapima mara mbili.

"Kaka, uko muzima. Punguza kahawa," wakamcheka.

"Mutazame shingo yangu!"

Hakuna daktari aliyempa dawa kwa jibu la normal. Shingo ikavimba. Akawa halali usiku. Hali chakula. Anahesabu moyo wake kwa vidole.

Ukasimama mchana kweupe.

Alizikwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi, Lydie alifungua friji ya maabara akakuta tube moja, kichupa cha damu ambacho hakukiweka yeye. Jina: Guelor. Tarehe: ya Ijumaa hiyo. Tube ilikuwa na joto.

Akapitisha kontroli kwanza. Sawa. Kisha akaipima ile damu. Homoni ilikuwa juu hata mashine ikashindwa kuiandika.

Lydie akatazama tena lebo. Mwandiko ulikuwa wa Guelor, na wino haujakauka.