Kiraka cha Hariri

Mwisho wa mwezi duka la nyuzi hujaa watu kama siafu. Fundi cherehani, gauni la njano, mkongojo kwapani, alinyoosha mkono kuchukua uzi wa mwisho wa hariri nyeupe. Mkono wa mwanamume ukautangulia.

"Kaka, unashona nini wewe, na vifungo vya shati lako vimepishana?"

"Nashona mifupa, dada."

Duka zima likacheka. Fundi hakucheka. Tangu agongwe na gari, mwaka wa pili sasa, mfupa wa muundi wake ulikuwa na pengo lisiloziba, na madaktari walishaanza kutaja neno kukata.

Mwanamume yule, mtafiti wa hospitali, akamweleza palepale kaunta: unga wa madini ya mfupa huchanganywa na hariri, ukafinyangwa kuwa kiraka chenye vitundu kama sponji. Mfupa hutambaa humo ukajijenga, na kiraka huyeyuka polepole.

"Unga peke yake huvunjika, hariri peke yake hulegea. Vikioana, vinabeba mtu."

"Kama kola," Fundi akasema. "Kitambaa na bitana yake."

Mtafiti akaduwaa. "Miaka saba nasoma, hakuna aliyenifupishia hivyo!"

Uzi Fundi alimwachia. Namba ya simu je? Hiyo pia Mtafiti aliondoka nayo, mjanja yule.

Jina la Fundi likaingia kwenye orodha ya majaribio hospitalini, Mtafiti ndiye wa kumpima. Simu zikawa asubuhi na mchana.

"Mguu wangu umeamkaje?"

"Wako tangu lini, Bwana Viraka?"

Wiki moja kabla ya upasuaji, nesi akampigia. "Dada, yule bwana kajitoa kwenye faili lako. Utapimwa na mwingine."

Fundi akajisemea moyoni: Kumbe ameliona pengo kwenye picha, akatishika! Mtafiti alipopiga, Fundi akamjibu mara moja tu: "Kiraka chako kampe mwenye mguu mzuri. Mimi siji."

Haikupita saa, Mtafiti akatokea mlangoni akihema, vifungo vimepishana vilevile.

"Usikatwe mguu kwa kunikasirikia mimi! Sheria hairuhusu kumpima umpendaye. Jicho la mapenzi huona mfupa pasipo na mfupa."

Fundi akasimamisha cherehani. "Nani kasema unanipenda?"

"Nimeandika kwenye fomu. Bosi akatia sahihi."

"Bosi wako kajua kabla yangu?"

"Na nesi. Na... mlinzi pia."

Fundi akacheka mpaka machozi. "Njoo nikufunge vifungo, mwanamume usiye na mpangilio."

Alienda kupasuliwa. Mwaka ulipopita, daktari mgeni, asiyempenda hata chembe, akainua picha kwenye mwanga: mfupa mzima, wake mwenyewe, na kiraka kimebaki kivuli chembamba.

"Kimekwenda zake," Fundi akamwambia Mtafiti ukumbini. "Na aliyekitengeneza?"

"Mimi siyeyuki. Unanioa?"

"Anayeoa ni wewe, msomi!"

Ule mkongojo bado anao. Ameufunga ukutani dukani kwake, na juu yake limetundikwa gauni jeupe la hariri, alilolishona mwenyewe akikanyaga cherehani kwa miguu miwili.