Marehemu Aliyeuza Maandazi

"Dresi ni hapa! Kamera tupu, mitumba daraja la kwanza! Mama, shika uone, hata pasi haitaki!"

Wanzala alikuwa juu ya stuli katikati ya soko la Kawangware, saa nne asubuhi, shati lake jekundu limefunguliwa vifungo viwili, dresi tatu begani na moja mkononi. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiuza. Nguo zilifuata tu. Ndipo akamwona msichana amesimama mbele ya kibanda chake, sketi nyeusi, sweta ya kijivu iliyofungwa vibaya kwa kuruka kifungo kimoja, na viatu vilivyokaukiwa na matope.

"Niaje, mrembo? Wewe nakupima kwa macho. Saizi kumi na mbili."

"Si yangu. Nataka ya mtu mzima. Saizi ishirini, mikono mirefu. Nimeambiwa Kawangware ndiko kuna saizi kubwa."

"Ya mathe, mama yako? Basi umefika." Wanzala akachomoa dresi ya zambarau yenye lesi kifuani. "Mathe akivaa hii, mzee atamtolea mahari upya. Anaenda harusi gani?"

"Ni ya kumzikia," msichana akasema.

Akaishika ile dresi na kuanza kulia palepale, bila kuficha uso. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua blauzi wakarudisha walichoshika na kuondoka polepole. Wanzala akashuka kwenye stuli. Alitafuta neno, yeye ambaye hakukosa neno hata siku moja, na la kwanza kumjia akalitoa.

"Pole sana. Hata mimi najua. Mathe wangu pia alienda."

Msichana akainua macho. "Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na uliacha kulia lini?"

"Sijaacha," akajibu Wanzala.

Msichana akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani ugenini, na kilio kikapungua. Wakati huohuo, mwendo wa dakika tano kutoka pale, kwenye vichochoro vya mtaa wa Kongo, Sella mama yake Wanzala alikuwa akiopoa maandazi kutoka kwenye mafuta, mzima kabisa, akimtania mteja aliyetaka apunguziwe bei.

Jina la msichana lilikuwa Nereah. Aliishi Silanga, kule Kibera, ambako alilima mboga za managu, kunde na saga karibu na bwawa na kuziuza mwenyewe. Waliagana wakiwa na namba za simu, na baada ya mazishi Wanzala akapiga.

"Umefika salama kutoka nyumbani?"

"Nimefika. Lakini nyumba imenyamaza, Wanzala. Hata sufuria naogopa kuzigonga."

"Basi ongea na mimi. Mimi sijui kunyamaza."

Nereah akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku iliyofuata alipiga yeye. Kufikia mwezi wa kumi, kila Jumapili baada ya kanisa Wanzala alikuwa Silanga, suruali imepigwa pasi na kukunjwa hadi magotini, akichuma managu vibaya.

"Hayo ni magugu, yatima mwenzangu," Nereah alimwambia. Ndivyo alivyokuwa akimwita.

"Mimi nauza nguo, yatima wangu. Majani yote kwangu ni sawa."

"Siku moja utanilisha sumu."

"Nitaionja kwanza. Tufe pamoja, tusihangaishe watu."

Wakicheka hivyo, jina lile lilimchoma Wanzala kama mwiba ndani ya kiatu. Nereah alipenda kuuliza. Mama yako alikufa na nini? Presha. Mlimzika wapi? Nyumbani, Funyula. Kaburi ni la udongo? Hapana, tuliweka simenti. Alikuwa mtu wa aina gani? Hapo Wanzala alisema kweli tupu, ila aliiweka katika wakati uliopita. Alisema mama yake alikuwa akicheka kabla hadithi haijafika mwisho, kwamba alikuwa haogopi mtu isipokuwa kuku. Nereah alimpenda marehemu huyo. Wanzala naye akipita Kongo jioni alimkuta marehemu amemfunikia chakula.

"Hizi Jumapili unapotelea wapi, baba?" Sella alimuuliza.

"Kwa maboyz, mama."

"Hao maboyz wana managu mazuri. Uniletee tena."

Namba ya mama yake aliiandika kwenye simu kwa jina la kubuni, Wekulo Fundi. Wekulo Fundi alipiga kila asubuhi kuuliza kama amekunywa chai, na siku akiwa na Nereah, Wanzala aliitazama simu ikilia mpaka ikachoka.

"Shika simu ya watu!"

"Ni Wekulo. Anataka tu kuongea."

"Huyu Wekulo anakupenda kunishinda."

Kila mara alijiambia: leo namweleza. Mwezi wa nne Sella akashikwa na malaria, na Wanzala akakaa naye kwenye benchi la zahanati akitetemeka kuliko mgonjwa. Kwao, kumtaja aliye hai kuwa amekufa ni kumchimbia kaburi kwa ulimi. Alimshika mkono, ulikuwa moto kama jiko. Nereah akapiga.

"Uko wapi, mpenzi? Kuna kelele."

"Niko sokoni Gikomba. Nafungua belo la nguo."

Mama yake akamgeukia. "Gikomba?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Homa inakupoteza, mama. Lala."

Sella akapona. Wanzala hakupona. Usingizi ukawa wa vipande, na wateja wakaanza kumuuliza mbona siku hizi hapigi kelele. Mwezi wa sita Nereah akasema, "Agosti twende kwenu. Nataka kusimama kwa kaburi la mama yako nimwambie mimi ni nani."

"Agosti biashara ni nyingi, bebi."

"Basi Septemba. Mimi si mtu wa kuolewa kwenye nyumba ambayo sijapiga hodi."

Hata Septemba haikufika. Ijumaa moja Nereah alifika kibandani bila kuarifu, amevaa rinda la manjano na bereti nyeupe, mkononi ana bakuli la samaki. Wanzala alikuwa mwisho wa kibanda akimpimia mama mmoja koti. Simu ikalia juu ya nguo. Nereah akasoma jina, akatabasamu, akaipokea.

"Wekulo! Leo ndio nimekupata. Wewe ndiye unaninyang'anya mwanamume?"

"Wekulo ni nani?" ikauliza sauti ya mwanamke. "Nipe Wanzala. Mwambie mama yake anauliza kama atakula hapa jioni. Nimepika mrenda."

"Mama yake mdogo?"

"Mdogo wapi! Aliyemzaa. Kwani wewe una mama wangapi?"

Wanzala aligeuka na koti mkononi. Alimwona Nereah ameshika simu yake, akajua.

"Nitamwambia, mama," Nereah akasema polepole.

"Asante. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mteja tu."

Akakata, akamnyooshea simu. "Marehemu anauliza kama utakula mrenda."

"Nere, nisikize. Siku ile ulikuwa unaumia. Nilitaka tu..."

"Yawa! Ulitaka nini? Novemba, misa ya marehemu, niliandika jina la mama yako, Sella, chini ya la mama yangu. Padri akasoma, kanisa lote likamwombea pumziko. Mtu anapika mrenda, Wanzala!"

"Nilikosea. Nilitaka kukwambia, kila siku nilitaka."

"Kila siku ulikuwa na nafasi. Na sasa umenifundisha: ameniuliza mimi ni nani, nami nikadanganya bila hata kumeza mate. Sikutaka ajue kwamba mtoto wake alimzika. Umeona uongo unavyoambukiza?"

Akaondoka na samaki wake. Wanzala alipiga siku hiyo, kesho yake, na siku ya tatu akapokelewa.

"Umemwambia?" Nereah akauliza.

"Nani?"

"Mama yako. Mwambie ulichofanya. Kabla hujamwambia, usinipigie."

Kumbe kumwomba Nereah msamaha lilikuwa jambo jepesi kuliko hilo. Kwa wiki tatu Wanzala alienda kwa mama yake akiwa na maneno mdomoni, akayameza pamoja na ugali. Alihama kutoka kitini hadi kitandani, kutoka kitandani hadi mlangoni.

"Una nini? Unatembea kama kuku anayetaka kutaga," Sella akamwambia Jumapili moja mchana, akikanda unga.

Wanzala akamwambia yote, amesimama. Mikono ya Sella ikaendelea kukanda, kisha ikatulia.

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

"Ukanizika wapi?"

"Funyula. Kando ya baba."

"Kaburi la simenti au udongo?"

"Simenti, mama."

"Angalau." Lakini hakucheka. "Nimekulea kwa maandazi haya, Wanzala. Nikichomeka na mafuta, nafunga kitambaa na kuendelea. Sikuwahi kukuambia baba yako amesafiri. Nilikuambia amekufa, ukiwa na miaka sita, kwa sababu ndio ukweli. Na wewe ukanipa kifo kama mtu anayempa mteja karatasi ya kufungia."

"Mama, nisamehe."

"Nenda kwako. Sina hasira. Nimechoka tu."

Asubuhi iliyofuata simu haikulia. Wala ya pili. Wanzala alipita Kongo, akamkuta mama yake akihudumia watu. Mama alimpa chai na maandazi kama mteja mwingine yeyote, bila neno. Wanzala alikuwa amezoea kuudhika na simu ile ya asubuhi. Sasa aliamka kabla ya jua akaikodolea macho, na ndipo alipofahamu Nereah alimaanisha nini aliposema nyumba imenyamaza.

Siku ya tisa, Jumanne, akaenda Silanga. Nereah alikuwa shambani, leso imefungwa kichwani, miguu matopeni. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Hasemi. Leo siku ya tisa hajanipigia."

Nereah akaosha mikono kwenye ndoo, akavaa viatu. "Twende. Mimi pia nina la kumwambia."

Walitembea kwa miguu hadi Kawangware. Wanzala alijaribu kuongea mara mbili, na mara zote Nereah akamwambia, "Wacha kwanza." Walipofika Kongo, Sella alikuwa amekaa ndani, mlango wazi, akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Mama, naitwa Nereah. Siku ile kwa simu nilisema mimi ni mteja. Nilidanganya."

"Sauti naijua. Ingia, mwanangu." Kisha akamtazama mwanawe. "Wewe kaa hapohapo mlangoni."

Nereah akaketi. Sella akaweka sinia ya maharagwe kati yao.

"Ulinililia?"

"Nilikulilia, mama."

"Sana?"

"Sana."

"Basi nikifa kweli usije ukasema machozi yameisha."

Nereah akataka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Sella akamsogezea kitambaa. Nereah alipojipangusa akageukia mlangoni.

"Wanzala. Siku ile sokoni, ulinipenda?"

Jibu tamu lilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Wanawake wote wawili walikuwa wakilisubiri. Wanzala akabadilisha mguu wa kusimamia.

"Hapana," akasema. "Ulikuwa unafukuza wateja. Nilitaka unyamaze."

"Ee Mungu wangu," Sella akanong'ona.

"Na nilipokupigia baada ya mazishi, nilikuonea huruma tu. Kukupenda kulianza Desemba. Mvua ilibeba kunde zako zote, nikafikiri utalia, ukasimama kwenye maji ukanicheka mimi kwa sababu nilikuwa nimeokoa magugu. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa kula."

 Uso wa Nereah bado ulikuwa na hasira, na hasira ile haingeisha siku hiyo wala wiki hiyo. Akachukua maharagwe machache kwenye sinia ya Sella, akaanza kuchagua.

"Desemba," akasema, bila kumtazama. "Mimi ilikuwa Oktoba."

Sella akasogeza kiti chake ukutani.

"Ingia basi," akamwambia mwanawe. "Unanizibia mwanga."