Maji Yakifika Kitovuni

Asubuhi za Ndunge huanza na kelele. Kuku wanadai chakula, redio inahubiri, na mumewe Kivuva anaita kutoka chumbani.

"Mama Yvonne! Ile futi yangu ya kupimia iko wapi?"

"Iko shingoni mwako, Baba Yvonne."

Kisha kicheko. Ndivyo walivyo mafundi wa cherehani, futi ikishakaa shingoni wanaisahau kabisa.

Ndunge alikipenda kicheko hicho kuliko kitu kingine chochote katika boma lile. Kuna wakati kilikuwa kimepotea. Kivuva alianguka kutoka juu ya paa akipigilia mabati, mguu wa kulia ukavunjika vibaya. Ulipopona haukukunjika tena. Kutoka kwao hadi soko la Mukuyuni, alikokuwa na kibanda chake cha kushonea, ni mbali kwa mtu wa magongo. Basi akakaa nyumbani, kwenye benchi, akiangalia kuku. Mtu aliyekuwa mcheshi akafika mahali hata salamu anajibu kwa shida. Ndunge aliumia moyo jamani, acha tu.

Kilichomrudisha Kivuva sokoni ni pikipiki ya stima, ile inayotiwa chaji badala ya petroli. Ndunge aliipata kupitia chama cha akina mama kanisani. Akajifunza kuiendesha, akawa anampeleka mumewe kwenye kibanda chake kila asubuhi, kisha anabeba abiria hadi jioni. Wanaume wa steji, pale pikipiki zinapongojea abiria, walimcheka sana mwanzoni.

"Mbona hailii? Hiyo ni pikipiki ama ni baiskeli imevaa suti?" aliuliza Mbithi, ambaye ndiye mwenye mdomo pale steji.

"Inakuogopa wewe," Ndunge alimjibu. "Inanyamaza uongee."

Hivyo mambo yakaenda vizuri wakati wote wa kiangazi. Halafu Novemba ikafika, na mvua ambayo kila mtu alikuwa akiiombea ikanyesha kweli kweli.

Njia ya kwenda Mukuyuni inakatiza mto mmoja ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Hakuna daraja. Kuna drifti tu, ile barabara ya saruji iliyojengwa chini, na mto ukijaa maji hupita juu yake. Asubuhi hiyo maji yalikuwa yakipita, mekundu, yenye haraka.

Mbithi alikuwa hapo na pikipiki yake ya petroli. "Ukiingia usiachilie mafuta," aliwaambia wenzake. "Ukiachilia tu, ekzosi inakunywa maji, na injini inazima."

Ndunge alisikia, akatabasamu. Yake haina ekzosi, haina bomba la moshi lolote. Sasa maji yataingilia wapi? Akajiambia kwamba leo wanaume hawa wataona nani anacheka.

"Mama Yvonne, hebu tungoje kidogo," Kivuva alisema kutoka nyuma.

"Tungoje nini, na wanakwaya wanataka sare zao?"

Akaingia. Maji yakafika kwenye magurudumu, yakapanda, yakalowesha viatu. Walipofika katikati, pikipiki ikashtuka, ikaguna mara moja, ikanyamaza. Safari hii ilinyamaza kabisa.

"Tutapigwa na stima!" Kivuva alipiga kelele, magongo yakiwa juu ya kichwa.

Hawakupigwa na stima. Mbithi na wenzake waliingia majini wakawavuta hadi ukingoni, kisha wakasaidia kusukuma pikipiki hadi nyumbani. Kwa kweli hakuna aliyecheka, hata Mbithi. Kivuva alishuka, akajikokota hadi kwenye benchi, akakaa. Hakulaumu. Aliangalia kuku tu.

Ndunge alimtazama kutoka mlangoni. Aliona ile miezi mibaya ikirudi, na safari hii ni yeye aliyeileta. Akaamua pikipiki lazima iwake leo leo.

Sasa, Ukambani mahindi ya mbegu huning'inizwa jikoni juu ya moto. Joto na moshi huyakausha, na wadudu hawayagusi. Ndunge alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Basi akachomoa betri, akaibeba hadi jikoni, akaiweka kwenye kigoda karibu na mafiga, akachochea moto. Kama moto unakausha mbegu, utashindwa na betri? Mkononi alikuwa na waya wa chaji, tayari kuuchomeka. Mikono yenyewe bado ilikuwa inadondosha maji.

"Ngai! Ndunge, unapika betri?"

Alikuwa Wariara, jirani, aliyekuja kuulizia sketi yake. Wariara ni mtu wa Murang'a aliyeolewa boma la pili, na kazi yake ni kutengeneza sola na pikipiki za stima. Anaongea tangu anapoamka hadi anapolala, lakini siku hiyo mikono ilifanya kazi kwanza. Alichukua kitambaa kikavu, akaishika betri, akaitoa mbali na moto. Kisha akanyang'anya waya.

"Kausha mikono kwanza, dada. Unataka Yvonne abaki bila mama?"

"Nilikuwa naikausha tu," Ndunge alisema, machozi yakimlengalenga. "Ililowa kwenye drifti."

"Betri si mahindi. Moto unaiharibu, na inaweza hata kulipuka. Ifute na kitambaa, iweke kivulini penye upepo, mbali na nyumba. Na kitu kilicholowa hakitiwi chaji hata kidogo. Sasa niambie. Maji yalifika wapi?"

Ndunge alionyesha kwa mkono. Yalikuwa juu ya viatu.

Wariara alienda nje, akachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma. "Unaona hapa katikati? Hiki ni kitovu cha gurudumu. Mota iko humu ndani."

"Humo?" Ndunge alishangaa. "Mimi nilifikiri iko chini ya kiti. Haina ekzosi, nikajua maji hayana pa kuingilia."

"Si umeipeleka mota yenyewe kuoga! Waya unaingilia hapa, na maji yakikaa hapa yanaufuata huo huo waya. Mvua ya kutoka juu haina shida, imetengenezewa hiyo. Shida ni ya kutoka chini. Ukifika kwenye maji, jiulize yatafika kitovuni? Kama yatafika, zunguka ama ungoje. Na kama huoni chini, au maji yana nguvu, usiingie hata kama ni ya kifundo cha mguu. Maji ya mbio yanakuangusha, na yakiongezeka yanabeba hata lori."

Kivuva alikuwa amegeuka kwenye benchi lake. "Na kupigwa na stima?"

"Ukiwa juu yake kwenye mvua, la. Stima ya kuogopa ni ile ya ukutani, ukiishika na mikono mibichi, au ukitia chaji sakafuni mahali panapovuja."

"Itapona?" Kivuva aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nitaifungua. Siwezi kuahidi."

Ndunge hakulala vizuri usiku huo, wala Kivuva. Kesho yake Wariara alifungua gurudumu kwenye kibanda chake cha kazi pale nyumbani kwake. Maji ya rangi ya udongo yakamwagika. Aliikausha mota taratibu, akabadilisha mpira unaozuia maji, akapaka grisi. Betri aliipima. Kwa bahati ilikaa juu kuliko maji, na haikuwa imevimba wala kunuka wala kupata joto.

"Ingekuwa imevimba ningeiweka nje na hamngeigusa," alisema. Kisha akaongeza, maana mtu huyu hawezi kumaliza, "Na usiioshe na ile mashine ya maji ya nguvu. Tambara na ndoo vinatosha. Ikiwa mbichi usiifunge na turubai, itatoa jasho ndani. Iweke chini ya paa. Tope likikauka kwenye breki, lifute. Na mvua ikinyesha, anza kushika breki mapema, zote mbili, polepole. Hii inaondoka kwa nguvu, kwenye matope ukiivuta ghafla itakutupa."

Alibonyeza swichi. Gurudumu likazunguka bila kelele.

Ndunge alifunika uso kwa leso akalia, na Wariara akamwambia aache, bado sketi yake haijashonwa.

Mvua haikuisha. Siku chache baadaye walikuta drifti imejaa tena. Ndunge alisimamisha pikipiki mbali kidogo. Alichukua fimbo, akaichovya pembeni, akaja kuipima kando ya gurudumu. Maji yangepita kitovu.

"Tunangoja, Baba Yvonne."

Mbithi alipita akinguruma, moshi nyuma yake. "Mama wa stima, leo unaogopa?"

"Leo naogopa sana," Ndunge alisema. "Pita wewe."

Wakakaa kwenye jiwe. Kivuva alitoa sare moja kwenye mfuko wa nailoni na kuanza kushona pindo kwa mkono, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti mbovu. Jua lilipanda. Maji yakashuka taratibu, mpaka saruji ikaonekana chini. Ndunge akapima tena, akavuka polepole, na upande wa pili akashika breki kidogo kidogo ili zikauke.

Sokoni, Katunge, kiongozi wa kwaya, alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, mikono kiunoni.

"Fundi, hii ni saa ya kufungua kazi? Nilidhani leo huji."

Kivuva alishuka, akaegemeza magongo ukutani, akavuta cherehani yake ya mkono karibu.

"Tumechelewa, mama," alisema, uso wote ukicheka. "Tumechelewa, lakini tumekuja. Ingia ujaribu sare."