Kilomita Ishirini na Mbili

Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba Yoleida alipobisha hodi kwa mama Custodia, kwenda kuangalia pikipiki inayouzwa. Ilikuwa Alhamisi. Shule ya Caño Seco ilimtaka Jumatatu saa moja asubuhi, awe na usafiri wake mwenyewe, la sivyo kazi apewe mpwa wa meya, msichana ambaye saba mara nane humshinda mpaka ahesabu vidole. Yoleida alikuwa ameisubiri kazi hiyo ya ualimu miaka sita. Kijiji kizima cha Barranco Hondo kilijua.

Alikuja na binamu yake Eliécer, fundi, mwenye spana mfukoni na mdomo usiotulia.

Pikipiki ilikuwa sebuleni, kati ya kochi na friji. Pale kijijini kila pikipiki hulala ndani na watu, maana wezi wa huko hawana dini. Eliécer akachuchumaa. Akavuta mnyororo, akabonyeza breki, akawasha injini na kuinamisha sikio kama daktari. Akazima. Akawasha tena.

"Dada, nimekosa cha kulalamika."

Hapo ndipo Yoleida alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Eliécer alikuwa mtu wa kulalamikia hata baiskeli ya dukani.

"Mama, hii ina miaka kumi na moja," fundi akasema. "Na breki zinashika utadhani zimefungwa jana. Nani anakutengenezea?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Mama Custodia akajitia kumimina kahawa.

Yoleida akaomba karatasi za ukaguzi. Hakuwa mtu wa kudanganyika. Alijua nusu ya pikipiki za kijiji hukaguliwa zikiwa sebuleni: unatuma kopi ya kitambulisho na noti mbili tatu kwa mtu wa mjini, jioni unaletewa karatasi inayosema breki nzima, taa nzima, kila kitu kizima. Mama Custodia akaleta mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na karatasi saba, za miaka saba. Zote zimefaulu.

Yoleida akatazama tarakimu za mwendo zilizoandikwa kwenye kila karatasi, kuanzia ya pili. Akatoa ya mwaka mmoja kwenye ya mwaka uliofuata, kichwani. Akarudia.

Ishirini na mbili.

Ishirini na mbili.

Ishirini na mbili...

"Mama, kwa mwaka mzima inatembea kilomita ishirini na mbili tu?"

"Kumi na moja kwenda mjini, kumi na moja kurudi."

"Kufanya nini?"

"Kukaguliwa."

Chini ya kila karatasi pameandikwa aliyeleta pikipiki. Jina lilikuwa moja, sahihi moja, yenye mkia mrefu. Evaristo Anaya. Yoleida akainua macho ukutani. Evaristo Anaya, mume wa mama Custodia, alikuwa pale, ndani ya fremu, kwa shati jeupe na utepe mweusi pembeni. Na tarehe.

Alikufa miezi mitano baada ya karatasi ya kwanza.

Friji likanyamaza. Ikasikika harufu ya petroli, na chini yake harufu nyingine... ya udongo uliofukuliwa leo.

"Mama, samahani," Eliécer akasimama, "nimeacha wali jikoni."

"Wewe hujawahi kupika wali!" Yoleida akamnong'oneza, akimshika mkanda.

"Leo nimeanza. Niachie."

Akatoka. Wakabaki wawili. Mjane akavuta kiti karibu.

"Ile karatasi ya kwanza aliinunua," akasema kwa sauti ya chini. "Pikipiki haikutoka hapa ndani. Karatasi ikaja imeandikwa breki nzima. Breki zenyewe zikamkatalia kwenye mteremko, na lori linakuja." Akapangusa midomo. "Tangu hapo, kila Januari huja kuichukua. Mlango siusikii. Nasikia injini tu. Jioni naikuta imerudi, na karatasi kitini."

"Hukuwahi kuiuza?"

"Mara mbili. Kwa karatasi wazi."

Yoleida alielewa. Ndivyo wanavyouziana kule: muuzaji anatia sahihi, pa mnunuzi panaachwa patupu, na kitu kinapita mkono hadi mkono bila ofisi kujua.

"Waliirudisha kesho yake. Hawakutaka hata kusema. Kwenye vitabu bado ni yake, binti. Kifo chake sikukiandikisha, moyo ulikataa."

Yoleida hakumwamini. Alidhani mzee yuko hai, kajificha kwa mwanamke wa ng'ambo ya mto, na haya machozi ni ya kuigiza. Tangu lini marehemu akapanga foleni? Basi akamtega.

"Nitainunua. Lakini tukabadilishe jina ofisini. Na mwenye jina kwenye vitabu aweke kidole mbele ya karani."

Alitegemea mama Custodia ababaike. Mama akashusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kesho saa mbili," akasema. "Nitamwambia."

Ijumaa, saa mbili na dakika tano, Yoleida alikuwa dirishani kwa karani. Karani alikuwa anatafuna mkate wa mahindi.

"Umechelewa. Muuzaji ameshapita."

"Ameshapita? Yukoje?"

"Mpole. Mchafu wa tope. Kidole chake hicho hapo."

Wino ulikuwa bado unang'aa. Pembeni ya alama, chembe za udongo mwekundu. Kwa chini, sahihi yenye mkia mrefu.

"Unaweka au huweki? Watu wamesimama nyuma yako, mama."

Yoleida alitazama kile kisanduku kitupu. Aliwaza kukimbia. Akawaza Jumatatu. Akamwaza mpwa wa meya, amekaa kwenye kiti chake, anahesabu vidole.

Akaweka kidole.

Karatasi ilikuwa baridi... baridi ya maji ya kisimani.

Nje, mama Custodia alikuwa amevaa gauni la maua. Zaidi ya miaka sita alikuwa hajavua nyeusi. Akampa ufunguo, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikalia.

"Mungu akubariki. Jana usiku, kwa mara ya kwanza, alinigongea mlango. Akaniaga."

"Akaaga anakwenda wapi?"

Mjane akaanza kutembea. Alitembea haraka kwa umri wake.

"Mama! Anakwenda wapi?"

"Aliniuliza tu unakaa nyumba ipi!" akajibu bila kugeuka.

Jumatatu, saa moja kasoro robo, Yoleida aliingia Caño Seco. Pikipiki haikukohoa hata mara moja njia nzima. Watoto walikuwa wamepanga mstari getini, nywele zimelowa maji chini ya kofia.

"Shikamoo, mwalimu!" wakaamkia wote pamoja.

Kisha wakatazama nyuma yake, kwenye kiti cha abiria. Wakavua kofia.

"Shikamoo, mzee."