Kamba ya Grace

Kila asubuhi Nyamburi alimfunga binti yake kamba kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye jiwe. Hakuwa mama mkatili. Alianika dagaa kwenye miamba ya Musoma, hatua chache kutoka ziwani, na Grace alikuwa na miaka mitatu na miguu isiyotulia. Wanawake wote wa miambani waliwafunga watoto wao hivyo, na wote waliogopa. Ukigeuka kufukuza kunguru, moyo unauliza: kamba imefunguka?

Ndiyo maana kikundi chao kiliamua kujenga nyumba ya kulelea watoto, kule Nyakato. Matofali, milango na madirisha vilitoka kwenye ghala la pamba lililobomolewa Bunda. Fundi alikuwa Keraryo, mume wa Nyamburi. Siku moja alileta pia paa la ghala lile. Lilikuwa la mabati ya kijivu, magumu kama saruji.

"Umeona, Mama Grace?" alisema kwa majivuno. "Bati la kawaida linachomaga watoto mchana. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Haya yanakaa baridi."

"Na yaliyovunjika?"

"Twanga. Tutachanganya na udongo na mavi ya ng'ombe, tusiribe sakafu."

Keraryo akashika msumeno. Nyamburi akatwanga vipande kwenye kinu. Vumbi jeupe likatanda. Grace alichezea vumbi hilo mpaka kichwa kikawa cheupe kama cha bibi kizee. Mama yake akacheka.

"Acheni! Acheni sasa hivi!"

Alikuwa Matrida, bibi afya wa kata, ambaye alikuwa akipita njiani.

"Hiyo ni asbesto," alisema. "Vumbi lake lina nyuzi ndogo sana. Zikiingia kwenye mapafu, hazitoki."

"Dada, ghala lile limekaa miaka na miaka," Keraryo alibisha. "Nani alikufa?"

"Watu hawaanguki siku hiyo hiyo, shemeji. Miaka mingi ikipita, mtu anakosa pumzi, au anapata saratani. Hata wewe fundi, kifua chako si cha chuma."

Nyamburi alikuwa amekwisha kumnyakua Grace.

"Ameshavuta! Nimpe maziwa?"

"Maziwa yanaenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu."

"Sasa mwanangu nimemuua?"

Matrida alimshika bega. "Sikudanganyi, dawa ya kutoa vumbi hilo hakuna. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kulivuta mara moja si sawa na kulivuta kila siku. Watoto wangetambaa juu ya sakafu hiyo kila siku. Hilo bado tunaweza kulizuia. Mwogeshe, na nywele pia."

Keraryo alitupa msumeno na kushika ufagio.

"Usifagie! Utalipeperusha tena. Nyunyizia maji taratibu, funika kwa nailoni, kisha muondoke wote. Nguo zenu msizikung'ute. Zilowekeni, mzifue kando na nyingine. Nitawaita watu wa mazingira wa halmashauri."

Watu hao walikuja wamevaa barakoa na mavazi maalumu. Walifunga mabati, vipande na vumbi kwenye nailoni nene, wakaondoka navyo. Nyamburi hakupata raha. Grace akikohoa kidogo tu, mama alisimamisha kazi.

"Basi na matofali tutupe?" Keraryo aliuliza, amenywea.

"Hapana," alisema Matrida. "Vitu vya zamani si vibaya. Kibaya ni kutumia usichokijua. Uliza kabla ya kukata."

Wakaanza upya. Mbao zenye mchwa walizikataa, na nzima wakazing'oa misumari. Milango yenye rangi ya zamani inayobanduka hawakuikwangua, maana walipouliza waliambiwa huenda rangi hiyo ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Waliirudisha, wakachukua ya mbao tupu. Paa likawa la mabati ya chuma yaliyokwisha kutumika. Chini yake walitandaza dari ya matete ili kupunguza joto na kelele. Madirisha waliyaweka yakitazamana, upepo wa ziwa upite.

Nyumba ikakamilika, na watoto wakaanza kushinda humo. Siku moja mvua ilishuka ghafla. Wanawake walikimbilia dagaa zao. Nyamburi naye alikimbia, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye jiwe, ukitafuta kamba.

Jiwe lilikuwa tupu. Moyo ulimlipuka. Kisha akakumbuka. Kule Nyakato, Grace alikuwa amelala pakavu.

Kamba ile aliikuta gengeni kwake, pale anapouzia dagaa. Akafungia gunia la dagaa.