Furaha ya Mama Kavuo Yapata Neno

Mama Kavuo wa Bulengera alikuwa na furaha tele, lakini usoni hukuiona. Mwanawe Éliakim alikuwa amemleta mchumba wake kutoka Kampala, Nansubuga, msichana mwenye heshima. Kavuo alichinja kuku, akasonga ugali wa muhogo, akamwekea mgeni paja zima. Kwake yeye, hayo yalikuwa maneno ya kutosha.

Asubuhi Éliakim alikwenda Beni kuchukua bidhaa. Wanawake wawili wakabaki jikoni, wanatazamana tu. Nansubuga hakujua Kiswahili. Mwishowe akauliza polepole kwa Kiingereza:

"Mama, are you happy?" Yaani, una furaha?

Neno *happy* Kavuo alilijua. Watoto wa jirani huliimba siku za kuzaliwa. Lakini nyumbani kwao furaha ya harusi haitangazwi kabla ya harusi. Ni kuita mkosi. Basi akajibu kwa adabu: "No."

Nansubuga akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Kavuo akaona nguo zinaingia begini. Akakimbilia kwa Aisha, jirani yake, mwalimu wa Kiingereza.

"Aisha, muchumba wa Éliakim anafunga sakoshi! Aliniuliza kama niko *happy*, nikasema *no*. Harusi haiyafika! Ningesema nini?"

Aisha alicheka mpaka akashika mlango.

"Mais, lakini mama! Hakukuuliza mambo ya harusi. *Happy* ni neno ya kila siku. Unakunywa chai ya muzuri, uko *happy*. Mvua inanyeshea maharagi yako, uko *happy*. Ni roho yako ya leo, hapana ya kesho. Alitaka kuisikia kwa kinywa yako."

"Na kuku nilimupikia?"

"Kuku haisemake, mama. Sema wewe, na umuambie juu ya nini."

Aisha akamfundisha maneno ya Kiingereza, na Kavuo akarudi akiyakariri njia nzima. Pikipiki ikampigia honi, hata hakusikia. Alimkuta Nansubuga akivuta zipu ya begi.

"I am happy," Kavuo alisema. Akavuta pumzi, akataja sababu: "I am happy because you came." Nina furaha kwa sababu umekuja.

Nansubuga akacheka huku machozi yanamtoka. "I am happy too, Mama." Begi likafunguliwa. Mchana walitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja.

Jioni Éliakim aliporudi, mama yake alimsimamisha mlangoni.

"Éliakim, niko na furaha juu yako."

Éliakim akatua mzigo. Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa hivyo.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Hapana. Ingia ukule."