Shikamoo ya Bibi Mwamvua

Mimi siogopi kitu, muulize yeyote hapa Magomeni. Lakini sikieni yaliyompata mshikaji wangu Shomari.

Kila akimkuta Bibi Mwamvua anachota maji kijitoni, badala ya kumwamkia alimtania, "Mambo vipi, mtoto mzuri!" Sisi tunacheka. Bibi anamjibu, "Shikamoo yangu utaitoa tu."

Juzi tukamzika bibi. Jioni ile Shomari akarudi kwa njia ya msituni kando ya kijito, njia ambayo hata watoto huipita wakiimba. Giza lilikuwa linaingia, mianzi inalia kwi, kwi. Nyuma yake ndoo ikagonga jiwe, kisha sauti ikasema taratibu, "Marahaba."

Hakuwa amemsalimia mtu. Akakimbia mpaka kwangu, akanisimulia huku anahema, nikamcheka.

Asubuhi nikaenda kwao kumtania tena. "Vipi, mwanaume mzima unamkimbia bibi?"

Akafungua mdomo anijibu, likatoka neno moja tu: "Shikamoo."

"Acha utani, bwana."

Akajaribu tena, machozi yanamtoka. "Shikamoo."

Ndani ya ndoo tupu pale mlangoni, sauti ya kizee ikaitikia:

"Marahaba. Rudia."